Askari Asiyehisi Maumivu na Mkono Uliomchoma Sindano

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Buhigwe, na jioni moja ya mvua mpwa wangu alinionyesha filamu aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu yake. Niliitambua kabla jina halijatokea. Ilikuwa Universal Soldier ya mwaka 1992, ya Jean-Claude Van Damme na Dolph Lundgren. Mara ya kwanza niliitazama nikiwa mwanafunzi, katika kibanda cha video, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza, jenereta likinguruma nje na jamaa mmoja mwenye Kiingereza cha kuungaunga akitutafsiria. Tulilipa kuona mateke. Mengine hatukuwa na haja nayo.

Kwa asiyeijua, wanajeshi wawili wa Marekani wanauana huko Vietnam mwaka 1969. Maiti zao zinahifadhiwa kwenye barafu, familia zinaambiwa wametoweka vitani, na miaka mingi baadaye wanafufuliwa kwa siri wakiwa na miili iliyoongezwa nguvu. Hawahisi maumivu, hawachoki, na huchomwa sindano ili kumbukumbu zisiwarudie. Mmoja wao anapoanza kukumbuka kwao, mabwana zake hawaoni mtu aliyeamka. Wanaona mtambo wenye hitilafu.

Mpwa wangu aliamini kwamba hayo ni mambo ya wakati ujao. Nilimweleza kwamba askari wa namna hiyo wamekwishapita jirani na hapa. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, akiwa na kikosi kidogo cha Wakuba, ili kuwasaidia waasi wa huko. Aliwakuta wapiganaji wanaotegemea dawa: mganga huwapaka maji ya mitishamba na kuwahakikishia kwamba risasi haitawadhuru. Che alilieleza jambo hilo kwa kirefu katika kumbukumbu zake, na sehemu iliyonivuta zaidi si ya dawa yenyewe bali ya masharti yake. Usimguse mwanamke. Usichukue kisicho chako. Usiogope. Mpiganaji akiuawa, jibu lilikuwa tayari: alivunja sharti, au aliogopa. Maiti haijitetei, kwa hiyo mganga hakushindwa hata siku moja.

(Sisemi haya kuwadhihaki wazee wa Maji Maji. Maji ya Kinjikitile yaliwaunganisha watu wa makabila mengi mwaka 1905, na hilo lina uzito wake.)

Anayedhani huo ni ujinga wa watu wa porini atazame jeshi lenye maabara. Aprili 2002, karibu na Kandahar, rubani wa Marekani aliwadondoshea bomu wanajeshi wa Kanada, washirika wake, na wanne wakafa. Yeye na mwenzake walikuwa wamemeza vidonge vya amfetamini walivyopewa na jeshi lao ili wasisinzie angani. Mawakili walivitaja vidonge hivyo. Jeshi likashikilia kwamba si chanzo cha ajali. Aliyedondosha bomu alikemewa rasmi na kutozwa faini. Dawa ilitoka juu, lawama ikabaki chini, kama ilivyokuwa kule Kibamba.

Basi hoja yangu ni hii. Tunapojadili askari aliyeboreshwa, huwa tunauliza mwili wa binadamu unaweza kufikishwa wapi. Hilo ni swali la wahandisi. Swali la kisiasa ni nani atakayejibu siku mwili huo utakapofanya jambo la kutisha.

Sisi wa milima ya Kigoma hatuna udhuru wa kulikwepa. Mwaka 1996, vita vilipowaka mashariki mwa Kongo, Wakongo walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Vita hivyo ndivyo vilivyolieneza neno kadogo, yaani mtoto aliyevishwa sare na kupewa bunduki. Kumtengeneza kadogo hakuhitaji maabara. Mtoe kwao, mpe jina jipya, mlevye, mfanye aamini kwamba hana tena pa kurudi. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Alifungwa miaka 14. Wapo walioiona adhabu hiyo kuwa ndogo, nami ni mmoja wao; lakini angalau mahakama ilimtafuta mwenye sindano. Vijiweni kwetu, kijana akidhaniwa tu kuwa aliwahi kushika silaha ng'ambo, huulizwa aliua wangapi. Sijasikia akiulizwa nani alimpa bunduki na alikuwa na umri gani.

Mpwa wangu, mhitimu wa kidato cha nne asiye na kazi, alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka. "Mjomba, kama wanalipa, mimi hiyo sindano naipokea."

Nilimuuliza nani atamlipa mama yake akiambiwa ametoweka. Hakujibu, aliuliza kama filamu ina mwendelezo. Nikamwambia upo. Katika ile ya mwaka 2009 askari yuleyule yuko Uswisi, anafundishwa upya kuishi kama raia, na jeshi linamfuata hukohuko kumtaka arudi kazini.