Mkono Utetemekapo: Stendi, Kamba au Gimbali?



Wapenzi wasomaji, majuzi tulialikwa nyumbani kwa familia moja kutazama video ya kupamba. Harusi ilikuwa imepita miezi mitatu, bibi harusi ameshahamia kwa mumewe, na mama yake aliwakusanya mashangazi na majirani ambao hawakujaaliwa kuhudhuria. Kahawa na halua zikaletwa, mapazia yakafungwa, video ikaanza. Hazikupita dakika kumi, mmoja wetu akashika kichwa, mwingine akaomba maji. Picha ilikuwa ikipanda na kushuka kama mashua katika mawimbi ya kusi. Na pale bibi mzaa mama alipomwekea mjukuu wake mkono kichwani akamwombea dua, kamera iliyumba ikatuonyesha dari na pangaboi. Bibi huyo ametangulia mbele ya haki. Sauti ya dua yake ipo. Uso wake haupo.

Binti aliyepiga video ile alikuwa ameketi nasi, macho ameyainamisha. Hakuna aliyemlaumu. Alisimama kwa saa nne akiwa na simu mkononi, na mkono wa mwanadamu haukuumbwa kutulia hivyo. Tulipokuwa tukitoka alituuliza, “Mama zangu, nina akiba kidogo. Muuzaji dukani ananiambia ninunue gimbali. Je, ni kweli ndiyo dawa?” Safu ya wiki hii ni jawabu lake, na la kila binti anayefanya kazi hii. Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao, nao huvua mabuibui yao. Basi hapana budi mpiga video awe mwanamke, na hapana budi awe hodari.

Kwanza tufahamu maradhi kabla ya kutafuta dawa. Mtikisiko wa picha huja kwa namna mbili. Upo ule wa kuzunguka, kamera inapoinama mbele, inapolala upande au inapogeuka kulia na kushoto. Na upo ule wa kupanda na kushuka, utokanao na hatua za miguu. Aidha, kadiri unavyovuta picha karibu, ndivyo mtikisiko unavyokuzwa. Kwa hiyo shauri la kwanza halina gharama: usivute picha, bali sogea mwenyewe.

Simu nyingi za leo zina utulivu wa ndani. Baadhi huisogeza lenzi au kihisi cha picha ili kupinga mtikisiko. Nyingine hutumia programu inayokata kingo za picha na kulinganisha kinachobaki. Njia hii ya pili hukupunguzia upana wa picha, na penye taa hafifu huacha ukungu ambao programu haiwezi kuuondoa. Zote husaidia mkono uliotulia kiasi, lakini haziwezi kuuponya mkono uliochoka.

Stendi ya miguu mitatu ndiyo mama wa vifaa hivi. Haina betri, haina programu, wala haichoki. Ichagueni inayobeba uzito unaozidi ule wa kamera yenu, na miguu isiyonesa. Mwenye kamera kubwa atafute stendi ya video ambayo kichwa chake kina mafuta mazito ndani. Hicho huzunguka polepole bila kukwamakwama. Anzeni kurefusha miguu kabla ya kuinua nguzo ya katikati, kwa maana nguzo iliyoinuliwa sana huyumba. Iwekwe pembeni, mahali ambapo watoto na kanga za wageni hazitaikumba. Na ikiwa kamera yenu ina kitufe cha utulivu wa ndani, someni maelekezo yake, kwa kuwa baadhi hutaka kizimwe kamera inapokaa juu ya stendi.

Kwa asiye na uwezo ipo hila ya kamba. Chini ya kamera nyingi pana tundu la skurubu ya robo inchi. Funga kamba kwenye skurubu ya kipimo hicho, kanyaga ncha ya pili, kisha inua kamera mpaka kamba ikaze. Mkazo huo huzuia mkono kupanda na kushuka. Mwenye simu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutumia kishikio cha simu chenye tundu hilo. Haikufanyi kuwa jiwe, lakini tofauti utaiona.

Sasa tuje kwenye gimbali aliyoisifu muuzaji. Ndani yake mna vihisi vinavyotambua kila mwinamo, na mota tatu, moja kwa kila mhimili, zinazoigeuza kamera upande wa pili mara moja. Kwa kutembea haina mfano: bibi harusi anapoingia ukumbini, au zefe linapopita katika vichochoro vya Lamu wakati wa maulidi. Walakini ina masharti. Kila gimbali ina uzito wa chini na wa juu inaoweza kubeba. Pimeni simu pamoja na jalada lake kabla ya kulipa. Kamera isawazishwe mota zikiwa zimezimwa, mpaka ikae yenyewe bila kuanguka upande wowote. Ukibadilisha lenzi, sawazisha upya. Ukiacha mota zibebe mzigo usiosawazishwa, zitatetemeka na betri itaisha mapema. Tena mota hizo hutibu kuzunguka tu. Kupanda na kushuka kwa hatua ni juu yako: kunja magoti kidogo, tanguliza kisigino, ukienda kama mama aliyebeba mtungi wa maji kichwani.

Hata wakubwa wa fani hii walianza na kusawazisha uzito. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam, kifaa kivaliwacho mwilini chenye mkono wa springi na mizigo iliyopangwa mbali na kamera, kikatumika katika filamu ya Rocky ya mwaka 1976. Hakikuhitaji mota za kuisimamisha picha. Uzito uliopangwa vizuri na mwendo wa mbebaji ndivyo vilivyoituliza.

Tahadhari moja kwa wanaopiga video ya msafara wa harusi: msiifunge simu kwenye usukani wa bodaboda. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu utulivu wa ndani wa kamera za iPhone.

Basi binti yetu, jawabu ni hili. Anza na stendi, kwa kuwa nyakati zisizorudi hutokea watu wakiwa wameketi: dua, nasaha, machozi ya mama, mkono wa bibi juu ya kichwa cha mjukuu. Gimbali ifuate, ukishapata kazi za kutosha kuirejesha fedha yake. Au iazime siku ya msafara. Na unapopata vyote viwili, stendi ibaki ikiwatazama wazee huku wewe ukizunguka.

Lipo jambo ambalo hakuna kifaa kinacholitimiza. Video ya kupamba ni amana na sitara ya watu. Usiiache simu juu ya stendi bila mwangalizi, usiitume kwa yeyote asiyeagizwa, na ukishamkabidhi mwenyewe, muulize kama akutaka uifute.

Mama wa bibi harusi ametuambia kwamba mwezi ujao anaoza binti wa pili, na amempa kazi binti yule yule. Tayari wamekubaliana stendi itakaa wapi: pembeni mwa viti vya wazee. Allah aibariki ndoa hiyo, amrehemu bibi yetu, na azitie nguvu na utulivu mikono ya mabinti zetu. Amin.