«Usiogope, iko nacheza tu»: mbwa wako anapenda watu, lakini umufunge kamba

Kila mutu anayekaa mu karitye za wafanyakazi, ikuwe Kolwezi, Likasi ao Kipushi, anajua maneno haya. Unashuka ku bisi asubuhi, umetoka poste ya usiku, macho mazito. Mbwa anatoka mbio mu lupango ya jirani, anakurukia ku kifua na miguu yenye matope. Na mwenye mbwa, amesimama paka ku mulango, anapaza sauti: «Usiogope, hailumake bantu! Iko nacheza tu!»

Sisi wa sendika tumezoea kuandika hapa juu ya mishahara, kontra na ajali za ku kazi. Leo tunaandika juu ya mbwa, na hatuone haya. Mbwa anayependa watu kupita kiasi anaangusha mutu sawa na vile mbwa mukali anaangusha. Mutoto wa miaka 3 anapima kilo 14 hivi. Mbwa wa kilo 25 anayekuja mbio na furaha yake yote, mutoto huyo ataanguka tu, na kichwa chake hakitauliza kama mbwa alikuwa anacheza.

Tuhesabu wale wanaoumia. Mama anayebeba beseni ya vitumbula ku kichwa: beseni ikianguka, faida ya siku imekwisha, na pengine hata pesa ya unga ya kesho. Muzee aliyemaliza miaka mingi mu vumbi ya mine, pumzi yake fupi: mushituko mumoja unamukalisha chini. Mama mwenye mimba. Kijana ku kinga, anakwepa mbwa, anaingia mbele ya moto. Hakuna mbwa hata mumoja hapo aliyeluma mutu.

Mu kazi yetu tunafundishwa kwamba ajali iliyotupita karibu ni ajali, inaandikwa, inazungumuziwa kabla ya kuanza kazi. Jiwe likianguka na halikuguse mutu, hatusemi «lilikuwa linacheza». Na kamyo isiyo na breki haitoke mu garaji juu tu shofere wake ni mutu mwenye roho nzuri. Basi kwa nini tukivua kaske na kufika ku nyumba, akili hiyo tunaiacha ku mulango?

Tuelewe kwanza mbwa mwenyewe, juu yeye hana ubaya. Mbwa wanasalimiana kwa kunusana, na mbwa mutoto anamulambaka mama yake ku kinywa. Sisi kinywa chetu kiko juu, basi anaruka ili akifikie. Alipokuwa mudogo tulicheka, tukamubeba, tukamupapasa. Tulimulipa mushahara kwa ile kazi ya kuruka. Sasa amekuwa mukubwa, anaendelea na kazi ile ile, na sisi tunakasirika. Ukimusukuma na mikono, kwake ni muchezo. Ukipiga kelele, anazani unafurahi naye. Na ukimupiga teke ao fimbo, utamufundisha kuogopa watu. Mbwa mwenye woga ndiye anafika kuluma kweli.

Kwa hiyo kazi inaanza mu lupango, na haiombe pesa mingi. Kanuni ni moja: miguu 4 chini, anapata salamu, miguu 2 juu, hapati kitu. Akiruka, umugeuzie mugongo, ufunge mikono, usimutazame, usiseme neno. Akishuka, hapo hapo umupapase polepole, umupe kipande cha bukari ao kichwa cha ndakala. Siku za kwanza ataruka zaidi, juu anaona mushahara wake wa zamani hauji na anaudai kwa nguvu. Musichoke. Dakika 5, mara 3 kwa siku, watu wote wa nyumba. Kama baba anamugeuzia mugongo na watoto wanaendelea kumurukisha, mbwa hatajifunza.

Kisha umufundishe kukaa chini kabla mutu hajaingia. Mbwa aliyekaa hawezi kuruka wakati moja. Na umufundishe kurudi ukimwita: mu lupango kwanza, na kamba ndefu ya mita 5 ao 10, ukimwita na sauti ya furaha, akifika unamupa kitu. Usimwite ili umupige, maana siku ya pili hatakuja. Kama bado harudi ukimwita mbele ya watu, basi huyo bado si mbwa wa kuachilia mu avenue. Atembee na kamba. Lakini kamba ya kutembea si munyororo wa kufunga toka asubuhi mpaka usiku. Mbwa aliyefungwa siku nzima, siku anafunguka anatoka kama risasi.

Sasa neno kwa wale wanaorukiwa, zaidi watoto wanaoenda masomo. Usikimbie: mbwa anafuata kinachokimbia. Usipige kelele, usiinue mikono juu. Simama kama muti, mikono karibu na mwili, tazama chini. Muti hauna muchezo, mbwa anachoka na kwenda. Wazazi, muwafundishe watoto jambo hilo mu lupango, kwa mazoezi, kama tunavyofanya mazoezi ya moto ku kazi.

Kuna jambo lingine ambalo halina muchezo hata kidogo: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unapita mu mate. Mbwa akikuluma, akikukwaruza, ao akilamba kidonda chako, usiseme «ni kidogo». Osha mahali pale na maji na sabuni dakika 15, halafu uende ku hospitali siku ile ile. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema, mutu anapona. Louis Pasteur alionyesha njia hiyo mu mwaka 1885, na leo bado watu wanakufa juu ya kuchelewa, na wengi ni watoto. Mbwa anayerukia na kulamba kila mupita njia na hana chanjo, mwenye mbwa anaingiza karitye nzima mu hatari. Wataalamu wanasema mbwa 70 juu ya 100 wakipata chanjo, ugonjwa unakatika mu eneo. Delege wetu wanaweza kuleta jambo hilo mu kamati ya usalama: kampuni inayopangisha wafanyakazi mu kamp iite veterinere siku moja kwa mwaka. Ni bei ndogo kuliko kuzika mutoto.

Na sheria je? Sheria ya mikataba ya 30 Julai 1888, ambayo tungali nayo, inasema wazi: mwenye munyama ndiye anajibu kwa hasara ambayo munyama analeta, ikuwe alikuwa chini ya ulinzi wake, ikuwe ametoroka. «Iko nacheza tu» haimo mu sheria ile. Na kwa mufanyakazi: ukiangushwa mu njia yako ya kwenda kazi ao ya kurudi nyumbani, bila kupinda kwenda kwingine, sheria ya 15 Julai 2016 juu ya sécurité sociale inaihesabu kama ajali ya kazi. Usilale na mukono uliovunjika ukisema ni mambo ya mbwa. Tafuta mashahidi, umwambie shef na delege, ajali itangazwe.

Tunajua majibu. «Imbwa yangu ni ya kulinda bezi.» Ndugu, mbwa anayemukumbatia kila mutu atamukumbatia na mwizi pia. «Nikirudi nimechoka.» Wote tumechoka, na yule anayeangushwa pia anarudi amechoka. Na wengine wanajibu kwa mawe, ama kwa nyama yenye sumu inayotupwa usiku juu ya ukuta. Hilo tunalikataa kabisa. Mbwa hakujichagulia mwenye kumulea, na sumu ile mutoto anaweza kuiokota.

Kinachotuuma sisi zaidi ni hiki: tumeona wafanyakazi wa ekipe moja wasiosalimiana tena juu ya mbwa. Wanapanda bisi moja, mumoja mbele, mwingine nyuma. Wanashuka mu shimo moja. Na kule chini, yule uliyemucheka siku mutoto wake alipoanguka ndiye anayeangalia kama mwamba juu ya kichwa chako umeshikwa vizuri. Kampuni ikiona tumegawanyika juu ya mbwa, itatugawa kwa urahisi juu ya mishahara.

Basi tunaomba kitu kimoja cha kuanzia. Saa ambazo ekipe zinabadilishana, asubuhi, mchana na usiku, na saa ya watoto kwenda na kurudi masomo, mbwa wote wawe nyuma ya mulango ao ku kamba. Kila avenue ijipange, mutu akumbushe jirani yake kwa heshima, bila matusi. Na wewe mwenye mbwa, siku ingine akiruka, usipaze sauti kutoka ku mulango. Toka, umushike, umuombe mwenzako musamaha, kisha urudi naye mu lupango mukaanze zile dakika 5.