Klachi Ngumu Si Uanaume, Ni Kebo Imechoka

Kuna uongo umekaa sana kwa wasee wa skuta za zamani: eti Vespa ya ukweli lazima iwe na klachi ngumu, na kama mkono wako unalia, tafuta ya otomatiki uachie wanaume. Mimi nakataa. Klachi ngumu si heshima. Ni skuta inakuambia haijaangaliwa.

Tuelewane kwanza. Kwa Vespa kama PX, ambayo Piaggio walianza kuuza 1977, mkono wa kushoto una kazi mbili: kubana klachi, halafu kuzungusha mshiko huo huo kubadilisha gia. Sasa ingia jam ya Waiyaki Way jioni. Bana, achia, bana tena, mpaka vidole vife ganzi. Mkono ukichoka haubani klachi mpaka mwisho. Gia inakwaruza, ama skuta inaruka mbele na kuna mtu anavuka. Hapo si mambo ya ubabe tena, ni usalama.

Na dawa iko. Fungua kebo kule chini kwa injini, kisha vuta waya ya ndani kwa mkono. Ikikwamakwama, shida ni kebo. Wengi hubadilisha waya pekee na kuacha ganda la zamani lenye kutu. Hiyo ni kuoga halafu unavaa soksi chafu. Weka ganda jipya, ikiwezekana lenye teflon ndani, na lisipindwe kona kali pale linapoingia kwa usukani. Pini ya leva nayo ipakwe grisi.

Waya ikiteleza vizuri na klachi bado nzito, sasa uliza springi. Kuna mafundi wanapenda kuweka springi kali, zile za injini iliyoongezwa nguvu, kwa injini ya kawaida. Za nini? Injini yako haina nguvu ya kuzihitaji. Umelipia uzito tu.

Na ukiambiwa urefushe kile kimkono cha klachi pale kwa injini, jua hivi: leva itakuwa nyepesi, lakini klachi itafunguka kidogo kuliko kawaida, na gia zinaweza kuanza kukwaruza. Mimi sikumaliza chuo, lakini najua nyenzo haitoi kitu bure.

Madereva wa tuktuk za Bajaj kule Mombasa pia hubana klachi na kuzungusha gia kwa mkono wa kushoto, siku nzima. Hebu mwambie mmoja wao kebo iliyokwama ni sifa uone kama hatakucheka.

Kwa hivyo dada uliyeambiwa Vespa si yako, na wewe kijana mwenye vidole vyembamba kama vyangu: usikimbilie jimu. Shida haiko kwa mkono wako. Anza na kebo.