Tatyana hakutaka kuzunguka uwanja peke yake



Jumapili iliyopita, tulipomaliza kikao, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake ana miaka 12, hatembei, anasukumwa kwenye kiti. Shuleni walimpokea, anasoma, pointi zake ni nzuri. Ila saa ya mazoezi ya mwili inapofika, wenzake wanatoka nje na yeye anabaki darasani kulinda mifuko yao. Mama akaniuliza: «Niache tu hivyo? Si tayari wamenisaidia kwa kumpokea?»

Siku ile sikupata la kumjibu. Nimetafuta juma zima, na jibu langu ni mwanamke anayeitwa Tatyana McFadden.

Alizaliwa Urusi tarehe 21 Aprili 1989, katika mji ambao leo unaitwa Saint-Pétersbourg. Alizaliwa na uti wa mgongo ambao haukufunga, na alipasuliwa alipokuwa na siku 21. Aliishi, lakini miguu haikupata nguvu. Mama mzazi hakuwa na uwezo wa kumtunza, mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya mayatima. Huko hakukuwa na kiti cha magurudumu. Basi Tatyana akatembea kwa mikono: anaweka viganja chini, anainua mwili, anawafuata wenzake. Hivyo mpaka karibu miaka sita. Wamama, fikirini mabega ya mtoto huyo, hata kabla kocha yeyote hajamwona.

Siku moja akafika pale Mmarekani, Deborah McFadden, aliyekuwa na kazi serikalini kwao juu ya mambo ya watu wenye ulemavu. Yeye mwenyewe aliwahi kupoozeshwa na ugonjwa, akatumia kiti kwa miaka kabla ya kusimama tena. Alimchukua Tatyana awe mtoto wake, wakaenda kuishi Maryland, Marekani. Afya ya mtoto ilikuwa mbaya, na madaktari hawakumpa maisha marefu. Mama akaona dawa ni kumtia nguvu mwilini, akamwandikisha katika michezo: kuogelea, basketi ya viti, na mbio. Neno alilolipenda mtoto kwa Kirusi chake lilikuwa «ya sama». Maana yake: mimi mwenyewe.

Kiti cha mbio si kile cha hospitali, wala si baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono tunayoijua sisi. Ni kirefu na chepesi. Magurudumu mawili makubwa yako nyuma, yameinamia ndani juu, na moja dogo liko mbele kabisa. Hakina mnyororo wala pedali. Mkimbiaji anajikunja, anavaa glavu ngumu, na anapiga pete iliyo kando ya gurudumu, kipigo baada ya kipigo. Kasi yote inatoka mabegani na mikononi.

Mwaka 2004, akiwa na miaka 15, Tatyana alikwenda Athens kwenye michezo ya Paralimpiki. Alipata medali ya fedha katika mita 100 na ya shaba katika mita 200. Akarudi nyumbani, akaingia sekondari ya Atholton, akaomba kitu ambacho watoto wengi wanaomba: kuwa katika timu ya mbio ya shule.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Shule haikumfukuza, na hilo lazima lisemwe. Alifanya mazoezi na wengine. Lakini siku ya mashindano, wasichana wote walikimbia pamoja kwanza, halafu njia ikaachwa wazi, na Tatyana akazunguka uwanja peke yake. Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kumpita. Wakubwa wa shule walisema kiti kinaweza kuumiza wengine, na tena kinampa faida kuliko anayekimbia kwa miguu. Mtoto aliyetoka kushindana na dunia nzima, kwao alifanywa kama pambo la mapumziko.

Mwishowe walishitaki. Na sikilizeni vizuri: hawakuomba pesa hata kidogo. Waliomba jambo moja tu, kwamba akimbie wakati uleule na wenzake. Mwaka 2006 jaji akawapa haki.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Kuna watu waliomzomea uwanjani, msichana wa shule! Na mwaka huohuo, katika mashindano ya jimbo, msichana mwenzake wa timu alishinda mbio ndefu kisha akanyang'anywa ushindi, kwa sababu waamuzi walisema Tatyana alimvuta kwa mwendo wa kiti chake. Hebu fikirini uchungu wa mtoto yule, na wa wazazi wake. Mimi sitasema hawakuwa na haki ya kulalamika. Kosa naliona kwa wakubwa, waliopata muda wote wa kutunga kanuni na hawakuzitunga mpaka watoto wawili wakaumia.

Mwaka 2008 jimbo la Maryland lilipiga sheria: shule ziwape wanafunzi wenye ulemavu nafasi katika michezo. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ikaandikia shule za nchi nzima juu ya wajibu huo.

Tatyana alipoulizwa kwa nini alijitia katika ugomvi wote huu wakati tayari ana medali, alimtaja mdogo wake. Deborah alikuwa amechukua mtoto mwingine, Hannah, kutoka Albania, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa. Hannah naye alisoma sekondari ileile baadaye, sheria ikiwa tayari imepita. Mwaka 2012, kule London, dada hao wawili walijipanga katika fainali moja ya mita 100 za Paralimpiki. Tatyana alipata shaba, Hannah akafika wa nane. Mimi nafasi ile ya nane naipenda sana.

Medali zingine nitazipitia haraka, maana ni nyingi. London hiyohiyo alichukua dhahabu tatu. Mwaka 2013, katika mashindano ya dunia kule Lyon, Ufaransa, alishinda mbio sita, kuanzia mita 100 mpaka 5000. Mwaka huo huo alishinda maratoni nne kubwa: Boston, London, Chicago na New York. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake, awe wa kiti au wa miguu. Rio 2016 alirudi na dhahabu nne na fedha mbili. Mwaka 2017 damu iliganda miguuni, akapasuliwa tena na tena, akakaa nje ya mbio. Kisha akarudi, na mpaka michezo ya Paris mwaka 2024 medali zake zilikuwa zimepita 20.

Moja haikutoka kwenye uwanja wa mbio. Mwaka 2014 alijifunza kuteleza kwenye theluji akiwa amekaa, akaenda kushindana Sochi, Urusi, nchi aliyozaliwa. Akapata fedha. Kati ya watazamaji alikuwapo Deborah, na alikuwapo pia mama aliyemzaa. Mama wawili, mtoto mmoja. Ningependa sana kujua walisemezana nini.

Sasa narudi kwa mama yangu wa Jumapili. Mama, ndiyo, shule imekusaidia kumpokea, na uwashukuru. Lakini kupokelewa na kuachwa na mifuko si kitu kimoja. Usianze na tribinali. Anza na mwalimu wa mazoezi, umuulize mbele ya mtoto: binti yangu anaweza kufanya nini pamoja na wengine? Kurusha mpira anaweza. Kusukuma kiti uwanjani anaweza. Asipokujibu, nenda kwa prefe. Na ujue kwamba sisi pia tuna sheria: sheria ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu ya Kongo. Wengi hawajaisoma, hata waliosoma sana.

Alhamisi, baada ya hesabu ya likelemba, tutakaa nusu saa na mama wenye watoto kama huyu. Njooni na watoto wenyewe, msiwaache nyumbani. Chumba cha kikao kina ngazi tatu pale mlangoni, basi safari hii tutakaa nje, chini ya mwembe.