Kiatu Kwenye Pedali: Saa Isimamishwe Wapi?

Triathloni ni mchezo unaounganisha michezo mitatu. Mshindani huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia, na saa yake haisimami hata mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Katika sura yake ya leo mchezo huu ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, kwa masafa ya kilometa 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Kwa vile saa haisimami, muda wa kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine nao huhesabiwa. Ndiyo maana wengi huuita muda huo mchezo wa nne.

Katika mchezo huo wa nne, suala dogo lenye mjadala mkubwa ni la viatu. Avivae mshindani kabla ya kupanda baiskeli, au avivae akiwa tayari safarini? Wapo wanaodhani kwamba jibu limekwisha kutolewa na mabingwa. Kwa hakika jibu hutolewa na kipimo, na kipimo hicho aghalabu hufanywa vibaya.

Yafaa kwanza kueleza kiatu chenyewe. Zamani mguu wa mwendesha baiskeli wa mashindano ulishikiliwa kwenye pedali kwa kishikizo cha chuma na ukanda wa ngozi. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ilitoa pedali inayonasa kipande cha plastiki ngumu kilichofungwa chini ya soli. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akitumia pedali hizo. Tangu hapo kiatu cha baiskeli kimekuwa na soli ngumu isiyopinda, nacho hakifai kukimbilia: mvaaji huchechemea, na plastiki huteleza juu ya lami.

Kutokana na hali hiyo zilizuka njia mbili. Katika njia ya kwanza, mshindani huvaa viatu penye baiskeli yake, kisha huisukuma mpaka kwenye mstari wa kupandia. Katika njia ya pili, viatu huwa vimekwisha kunaswa kwenye pedali kabla ya mashindano kuanza. Mshindani hukimbia pekupeku akisukuma baiskeli, hurukia kitini, hukanyaga juu ya viatu hadi mwendo ukolee, ndipo huingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Wakati wa kushuka hufanya kinyume chake: huchomoa miguu mapema, hukanyaga tena juu ya viatu, kisha hushuka akikimbia. Kwa njia hii kiatu si tena vazi la mguu, bali ni kipande cha baiskeli.

Njia ya pili imejaa fizikia. Pedali huzunguka kwa urahisi kwenye ekseli yake, na uzito wa kiatu uko zaidi upande wa kisigino. Kwa hiyo kiatu kikiachwa kitaning'inia na kuburuta chini. Dawa yake ni mpira mwembamba, kama ule wa kufungia noti, unaounganisha kisigino cha kiatu na fremu. Mpira huo huhimili uzito mdogo wa kiatu, lakini hukatika mara mguu unapoanza kusukuma pedali. Kadhalika, ngozi iliyolowa ina msuguano mkubwa kuliko ngozi kavu, na ndiyo sababu wengine hunyunyiza poda ndani ya viatu. Ukanda wa kiatu nao hufunguka kwa upande wa nje, usije ukanaswa na mnyororo.

Hapana shaka kwamba faida ipo. Katika kasi ya kilometa 40 kwa saa, baiskeli hupita zaidi ya meta 11 kila sekunde. Anayechelewa kwa sekunde 10 yu nyuma kwa meta 111. Iwapo atataka kuufuta upungufu huo katika kilometa 5, itambidi atumie sekunde 440 badala ya 450, yaani aongeze kasi kwa asilimia 2 na kidogo. Lakini nguvu inayohitajika kushinda upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo atatakiwa kuongeza nguvu hiyo kwa asilimia 7 hivi. Na hapo hawajahesabiwa wenzake walio mbele, ambao katika mashindano ya Olimpiki huruhusiwa kwenda kwa kundi na kukingiana upepo.

Mjini London, mwaka 2012, Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Sweden walimaliza wote kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 48. Mshindi, Spirig, alijulikana kwa picha ya mstari wa mwisho. Haba na haba hujaza kibaba; na kwa watu wa kiwango hicho hata sekunde moja ni kibaba kizima.

Je, yafuatia kwamba kila anayeanza mchezo huu aige njia hiyo? La hasha. Kwanza, uzito wa sekunde hutegemea urefu wa safari. Kwa Spirig na Nordén, sekunde 10 zilikuwa sehemu moja katika 719 ya muda wao. Kwa mtu anayemaliza triathloni ndefu ya kilometa 3.8, 180 na 42.2 kwa saa 12, sekunde hizo hizo ni sehemu moja katika 4,320. Pili, iko hatari. Mshindani anayekwenda kilometa 30 kwa saa, akiinamisha macho sekunde mbili tu atafute tundu la kiatu, amekwenda karibu meta 17 bila kuona mbele, tena katika mahali penye msongamano. Tatu, haraka huwaponza hata mahodari. Huko huko London, Jonathan Brownlee wa Uingereza aliadhibiwa kusimama sekunde 15 kwa kupanda baiskeli kabla ya mstari. Alipata medali ya shaba, lakini sekunde alizotaka kuokoa zilimrudia kama deni.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kipimo. Wengi huanza kuhesabu mshindani anapoifikia baiskeli yake, na husimamisha saa anapovuka mstari wa kupandia. Kwa kipimo hicho njia ya pili itaonekana bora sikuzote, maana kazi ya kuvaa viatu imehamishiwa nje ya mpaka wa hesabu, haikufutwa. Mwanagenzi aliyepanda mapema, kisha akayumba na kusota huku akipapasa viatu, aweza kupitwa na mwenzake aliyevaa kwa utulivu na kuondoka kwa mwendo kamili. Saa haina budi isimamishwe mbele zaidi, tuseme meta 300 baada ya mstari, wakati wote wawili wamekwisha kuvaa na kufikia mwendo wao wa kawaida. Tena jaribio lirudiwe mara nyingi, wastani utafutwe, na tofauti kati ya jaribio na jaribio iangaliwe. Njia iletayo ushindi wa sekunde 5 leo na anguko kesho si njia ya haraka.

Hapa ndipo mwalimu wa sekondari anapohusika, hata kama shule yake haina bwawa wala baiskeli ya mashindano. Wanafunzi wanaweza kupima muda wa kuvaa viatu vyao vya kawaida kwa miguu mikavu na kwa miguu iliyolowa, mara 10 kila hali, na kukimbia meta 50 baadaye. Wapime mara mbili: pale kiatu kinapoingia, na pale meta 50 zinapokwisha. Kisha wajadili iwapo majibu mawili yanakubaliana, na kwa nini. Kwa saa moja tu ya kupimia sekunde, watajifunza msuguano, wastani, na lililo muhimu kuliko yote: namna ya kuweka mpaka wa jaribio.

Kijana anayemwiga bingwa bila kupima amechukua ustadi wa mtu mwingine pamoja na hatari zake, huku mazoezi ya miaka mingi yaliyoupunguza uzito wa hatari hizo akiyaacha nyuma. Anayepima kwanza aweza kufika kwenye njia ile ile ya bingwa, au akaiacha. Vyovyote vile atakuwa na sababu yake mwenyewe. Kabla ya kuuliza nani ana kasi zaidi, wanafunzi na wazoezwe kuuliza saa ilisimamishwa wapi.