Mkono Unauma? Sema Yote, Yaandikwe Yote

Hapa Bariadi na katika wilaya nyingine za Simiyu kazi zetu ni za mikono. Tunapalilia kwa jembe, tunachuma pamba, tunatwanga, tunafua. Ndiyo maana mama anapofika zahanati na kusema, "Mkono unaniuma," hakuna anayeshangaa. Anaandikiwa "maumivu ya mkono", anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu anaanza kuangusha vikombe.

Mwezi huu tuongee juu ya mshipa wa fahamu uliobanwa, na juu ya yale yanayoandikwa kwenye cheti chako.

Kila mkono hupata hisia na nguvu kutoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu, itokayo kwenye pingili za shingo na mwanzo wa kifua. Mshipa unaweza kubanwa shingoni, kwenye kiwiko, au karibu na kiganja. Vidole husaidia kujua ni wapi:

1. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku hadi ukung'ute mkono, mara nyingi hutoka karibu na kiganja. Wajawazito huipata sana.

2. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kile jirani yake mara nyingi hutoka kwenye kiwiko.

3. Maumivu yanayoshuka kutoka shingoni kupita begani, na kuzidi ukigeuza shingo, yanaelekea kuwa ya shingo.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa, kila ugonjwa na namba yake. Katika toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, mshipa uliobanwa karibu na kiganja ni G56.0, wa kwenye kiwiko ni G56.2, na maumivu ya mzizi wa mshipa ni M54.1. Maumivu ya mkono au mguu bila maelezo zaidi ni M79.6. Toleo la 11, lililoanza mwaka 2022, lina namba nyingine.

Je, namba zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Fomu ya madai ya bima hujazwa kufuatana na ugonjwa ulioandikwa. Daktari wa rufaa kule Bugando, Mwanza, huanza na karatasi uliyokuja nayo. Ikisema "maumivu ya mkono" tu, naye ataanza upya, na nauli yako imekwenda. Tena namba hizo za toleo la 10 hazisemi kulia wala kushoto. Lazima iandikwe kwa maneno.

Kwa hiyo mama, ukifika kwa mganga eleza: ni mkono upi, yalianza lini, yanaanzia wapi na kuishia kidole gani, ni ganzi, maumivu au udhaifu, kazi gani inayazidisha, dawa gani umeshatumia. Kisha uliza kwa upole, "Daktari, umeandika mkono wa kulia?" Huo si utovu wa adabu. Vyeti vyote vitunze pamoja, hata vya zamani.

Usingoje kama mkono unapoteza nguvu, au nyama ya kiganja inasinyaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama miguu nayo inalegea au mkojo unakutoka bila kujua. Na maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kifua kubana na jasho jingi yanaweza kuwa ya moyo: kimbilia hospitali.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wetu hatufichi kwa kutaka. Tunaona aibu kumchosha mganga kwa maneno mengi, huku foleni nyuma yetu ni ndefu. Lakini mganga hawezi kuandika usilomwambia. Mkono huo ndio unaolea watoto wako. Usione haya kuusemea.