Jino na Pua ni Majirani

Gusa shavu lako, chini kidogo ya jicho. Utadhani chini ya kidole chako pana mfupa mtupu. Sivyo. Ndani ya taya la juu, kila upande, mna uvungu wenye hewa, nao kwa mtu mzima waenea maji ya vijiko vitatu vya chai. Dari yake ni sakafu ya jicho, ukuta wake wa ndani wapakana na pua, na sakafu yake yakaa juu ya mizizi ya magego. Kwa watu wengine, kati ya mzizi na uvungu mna mfupa mwembamba kama karatasi.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika juu ya mama mmoja aliyeng'olewa jino la juu, usaha ukatoka katika uvungu huo. Mama akaingiza unyoya katika tundu la jino, nao ukapanda hata akaogopa kwamba umefika kwenye ubongo!

Basi, jino bovu la juu laweza kumwaga usaha wake juu. Mtu hutokwa na kamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja la pua, naye huhesabu ni mafua tu. Lakini mafua kwa kawaida hushika pande zote mbili, tena hupona baada ya siku chache. Kamasi ya upande mmoja isiyokoma yataka daktari. Kwa mtoto mdogo, huenda ameingiza punje ya hindi puani.

Wataalamu huuchunguzaje uvungu huo? Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa imelaliana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 iko mashine ya meno iitwayo CBCT. Mgonjwa hutulia, mkono wa mashine humzunguka kichwa, na mionzi hutawanyika kwa umbo la pia. Kwa muda usiofika dakika moja hupigwa picha nyingi, kisha kompyuta huziunganisha. Hapo daktari huutazama uso kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, wala hakuna kisu.

Lakini mashine hii huonyesha mifupa vizuri, nyama laini sivyo. Tena mionzi yake huzidi ile ya picha ya jino moja. Kwa hiyo uliza kwa heshima: "Daktari, picha hii itabadili matibabu?" Uliza hasa kama mgonjwa ni mtoto. Mama mjamzito aseme mapema. Vua hereni, miwani na meno ya bandia, wala usitikisike.

Usianze kwa kutafuta mashine. Anza zahanati, ueleze ni tundu lipi na ni tangu lini, nao watakutazama meno na kukuelekeza mbele. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.